Muulize Anko wa Vitabu: Jina dogo kwenye jalada na meli ya Seyyid Majid

Toleo lililopita nilikitaja kitabu kimoja mistari miwili tu, nikasema nitakirudia, matokeo yake barua zimejaa na karibu zote zinauliza hichohicho. Kitabu ni Lost Empire, kimetoka 2010, ni cha pili kwenye mfululizo wa Fargo. Kwa ambaye hajakishika: Sam na Remi Fargo ni mume na mke, Wamarekani wenye hela zao, kazi yao kutafuta hazina za zamani. Wanazamia baharini huku kwetu Tanzania, wanakuta kitu kilichotoka kwenye meli ya kale ya Marekani, na kabla hawajajua wamekamata nini kuna watu wanawataka, watu wa chama tawala cha Mexico (cha kwenye hadithi, msije mkaniletea ubalozi) ambao wana siri yao hawataki itoke. Basi ni mbio, Zanzibar, Madagaska, mpaka Indonesia. Haya twende.

Anko shikamoo. Hicho kitabu nimekiokota pale kwa wauza vitabu vya mtumba Samora nilivyokuja Dar, nimekimaliza siku tatu. Sasa jalada lina Clive Cussler maandishi makubwa hata ukiwa ng'ambo ya barabara unasoma, alafu chini kijina kidogo Grant Blackwood. Nani kaandika? Mi nahisi nimepigwa. — Msomaji, Tanga

Marahaba. Hujapigwa, ila umenunua kitu ambacho hukujua kinatengenezwaje.

Clive Cussler alianza peke yake. Kitabu chake cha kwanza kutoka ni cha 1973, shujaa wake anaitwa Dirk Pitt, jina la kwanza la shujaa kalitoa kwa mwanae wa kumzaa. Kilichompaisha ni cha 1976, kile cha kuinyanyua Titanic kutoka chini ya bahari ikiwa nzima, na hapo mabaki yenyewe yalikuwa bado hayajapatikana, yamekuja kupatikana 1985 na kumbe meli ilikatika vipande viwili. Hakuna aliyemdai chenji. Watu walikuwa wanataka vitabu kuliko spidi ya mtu mmoja kuandika, ndo kuanzia 1999 akaanza kuchukua wenzake, mfululizo wa pili akaanza na Paul Kemprecos, ukaja wa meli inaitwa Oregon, ukaja wa mpelelezi Isaac Bell, na 2009 ukaja huu wa Fargo. Hata Dirk Pitt mwenyewe kuanzia 2004 akawa anaandikwa na baba na mwana.

Kazi ilivyokuwa inaenda, kwa maelezo yao wenyewe, ni kwamba hadithi inapangwa pamoja, huyu mwenzake anakaa chini anaandika kurasa, anamtumia mzee, mzee anakata, anaongeza, anarudisha. Sasa we fikiria fundi cherehani mwenye jina mjini. Ukipeleka kitambaa hukatiwi na yeye, kuna kijana pale nyuma ndo anakata na kushona, ila shati halitoki dukani bosi hajaligeuza kola na kuangalia mshono wa ndani. Ukilivaa unasema la fulani, humtaji kijana. Ni uongo? Mi naona sio uongo kamili. Na kwenye kitabu kijana ameandikwa jina, kwa cherehani haandikwi kabisa.

Blackwood huyu naye sio mtu wa kuokotwa. Alikuwa jeshi la majini la Marekani, alitumikia kwenye manowari, na moja ya kazi zake ilikuwa kuruka majini kuokoa marubani. Kwahiyo zile kurasa za chini ya maji ambapo unajikuta na we umebana pumzi ukiwa kitandani Tanga, ukizisoma kumbuka zimepita kwa mtu ambaye maji ya chumvi yameshamwingia puani akiwa kazini. Alafu cha kuchekesha, mwaka huohuo 2010 jina lake dogo likatokea tena chini ya jina kubwa lingine, la Tom Clancy. Mwaka mmoja, majina makubwa mawili, na yeye chini ya yote mawili. Siku hizi mi nikishika vitabu vya aina hii naanza kusoma kule chini kwenye herufi ndogo, kubwa nalijua tayari.

Asalaam alaykum anko. Mie mtu wa Pemba, niko Muscat miaka sasa. Nimesoma hapo kwamba ile meli ya Wamarekani ilikuja ikawa ya Sultan wa Zanzibar. Hili wamelitunga au lipo? Maana kwetu sikuwahi kulisikia hata kwa wazee. — Mpemba wa ugenini

Waalaykum salaam. Lipo, tena lipo vizuri kuliko hata walivyolitia kwenye hadithi, na hapa nitakaa kidogo mnisamehe wa maswali mengine.

Meli ilijengwa Glasgow, ikashushwa majini 1863, ikaitwa Sea King. Kama mita 70, ina matanga na injini ya mvuke pamoja, pangaboi lake linanyanyuliwa juu wakitaka kwenda kwa tanga tupu na dohani lake linashushwa, yaani ikiamua unaiona kama jahazi kubwa la kawaida tu. Marekani wakati ule wanapigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, Kusini wanataka kubaki na watumwa wao. Hao wa Kusini wakainunua kwa siri, 1864 ikatoka London kama meli ya biashara isiyo na habari na mtu, ilipofika maji ya Madeira ikakutana na meli nyingine iliyobeba mizinga na mabaharia, wakahamisha, wakapandisha bendera, ikawa CSS Shenandoah, kamanda wake James Waddell. Kazi yake kuwinda meli za biashara za Kaskazini.

Ilizunguka, ikapita Melbourne mwanzoni mwa 1865, ikapanda mpaka juu kabisa kwenye barafu huko mlango wa Bering, Juni 1865, wakawa wanachoma meli za Wamarekani wavua nyangumi moja baada ya nyingine. Kituko ni kwamba Jenerali Lee wa Kusini alikuwa keshasalimu amri tangu Aprili! Vita imekwisha na wao wanachoma. Simu hamna, redio hamna. Walikuja kuhakikishiwa tarehe 2 Agosti walipokutana na meli ya Waingereza baharini, na hapo ndo jasho likawatoka, maana mtu mwenye bendera ya nchi isiyokuwepo anayechoma meli za wenzie ni haramia, na haramia ananyongwa. Waddell akashusha mizinga chini, wakaibadilisha meli sura ifanane na ya biashara, wakakata bahari bila kutia nanga popote mpaka Liverpool, wakashusha bendera 6 Novemba 1865. Walishakamata meli 38 na kuizunguka dunia nzima.

Waingereza wakaikabidhi kwa Wamarekani, Wamarekani wakataka kuiuza, na 1866 ikanunuliwa na nani? Seyyid Majid bin Said, Sultan wa Zanzibar, huyuhuyu aliyeanzisha Dar es Salaam. Ikapewa jina lake, El Majidi.

Mi kuna kitu kwenye hii hadithi kinanikaa kooni kila nikiifikiria. Meli iliyotoka kupigania wenye watumwa, wakashindwa, ikaja kutia nanga Unguja, bandari ambayo miaka ileile ina soko la watumwa linafanya kazi mchana kweupe, mpaka lilipokuja kufungwa 1873 enzi za Barghash. Riwaya ya mbio haina nafasi ya kukaa hapo na siilaumu, risasi zinasubiriwa. Ila hapo pana riwaya nyingine nzima, tena mwandishi wake inabidi awe wa kwetu.

Majid akafariki 1870, akaingia Barghash, na Aprili 1872 kikaja kile kimbunga. We mtu wa Pemba hiki lazima umekisikia hata kama hujui kwamba umekisikia: ndo kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na kuanzia hapo karafuu ikawa mali ya Pemba. Sasa upepo huohuo ndo uliobeba El Majidi na meli nyingine za Sultan ukazitupa pwani. Baada ya hapo wasimulizi wanapishana, wapo wanaosema iliishia hapohapo, wapo wanaosema ilinyanyuliwa ikaja kuzama baadaye kwenye Bahari ya Hindi.

Na ndo hapo waandishi walipopenya. Historia imeacha mlango wazi kidogo, wao wakaingiza kengele ya meli na fumbo lake. Wangechukua meli ambayo mwisho wake unajulikana mpaka msumari wa mwisho wasingekuwa na pa kuingilia, wangechukua meli ya kutunga tu wewe usingeniandikia barua kutoka Muscat.

Anko naanzia kipi? Viko vingi nachanganyikiwa. — Mwanafunzi, Dodoma

Anza na hikihiki cha Lost Empire. Fargo kuanzia 2009 mpaka 2020 vilitoka 12, cha kwanza ni Spartan Gold, ila kila kimoja kina fumbo lake na linaisha humohumo, hupotei. Waandishi wenza wanne wamepokezana: Blackwood vitatu vya kwanza, Thomas Perry, Russell Blake, alafu Robin Burcell ambaye ndo mwanamke pekee kati yao. Cha 12, Wrath of Poseidon, kinarudi nyuma kueleza Sam na Remi walikutana vipi, kwahiyo hata anayetaka kusoma kwa mpangilio wa maisha yao ataanza na hicho cha 12. Ushauri wangu tu, ukikamata kimoja kikakuboa usiseme mfululizo wote mbovu, angalia kwanza jina dogo ni la nani, jaribu cha mwingine.

Mambo anko. Huyu Cussler si alikufa? Na bado naona vitabu vipya kila mwaka vina jina lake, hapa Nakuru kuna jamaa ananiambia eti aliviacha kwa droo. Ni ukweli? — Msomaji wa kike, Nakuru

Poa sana. Alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 88. Hiyo ya droo mwambie jamaa yako apumzike, hakuna droo ya ukubwa huo. Vitabu vinaandikwa na walewale wenza na wengine wapya, na havifichi. Ukitazama vizuri jalada utaona kitu kimebadilika: zamani jina lake lilikuwa sehemu ya mwandishi, sasa hivi limehamia kwenye jina la kitabu. Kile cha Oregon cha 2022 kinaitwa kabisa Clive Cussler's Hellburner, mwandishi ni Mike Maden. Vya Dirk Pitt anaviandika mwanae Dirk Cussler, ambaye kama nilivyosema hapo juu shujaa ana jina lake, kwahiyo sasa hivi Dirk anaandika habari za Dirk, sijui mezani kwao chakula kinaitishwaje.

Kwa Kiswahili tofauti ni ndogo tu. Zamani ilikuwa cha Cussler na fulani, sasa ni Hellburner ya Cussler, kimeandikwa na fulani. Kama vile duka limebaki na jina la marehemu na watoto wanauza, wala mteja haulizi marehemu yuko wapi, anauliza unga upo.

Kuna jambo moja lakini halitarudi na wasomaji wa zamani wanalikumbuka. Kuanzia kitabu cha 1990 mzee alikuwa anajichomeka humo ndani mwenyewe, anatokea mtu mzima mmoja ana ndevu nyeupe, anamsaidia shujaa boti au gari au taarifa, shujaa anashukuru anaendelea na safari, na kila safari hamkumbuki kwamba walishakutana. Mi nilikuwa nacheka kila mara. Mwandishi anamsaidia mtu wake na mtu wake hamjui!

Anko mi nina hasira. (Ambaye hajamaliza kitabu aruke hii barua.) Yaani unaniambia Waazteki wa Mexico wana uhusiano na Indonesia? Nimefundisha historia sekondari miaka 20, hii ni chai. — Mwalimu mstaafu, Mwanza

Shikamoo mwalimu. Ni chai, tena ya rangi. Lugha ya Waazteki, Kinahuatl, ndugu zake wako kaskazini, mpaka magharibi ya Marekani ya leo, na simulizi zao wenyewe zinasema walishuka kutoka kaskazini, mahali panaitwa Aztlan. Indonesia haimo.

Ila naomba mwalimu usikitupe kitabu bado, maana hiyo njia wanayopita, Zanzibar, Madagaska, Indonesia, ukiitoa Mexico nje ni njia ya kweli kabisa. Kimalagasi cha Madagaska ni lugha iliyotoka kule, ndugu zake wa karibu wanazungumzwa Borneo, yaani kuna watu walivuka Bahari ya Hindi yote kwa vyombo vya mbao zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakakaa hapo mlangoni kwetu. Na kuna ushahidi mwingine ambao umeshaupita mara elfu: ngalawa. Ile miti miwili ya pembeni inayoishika isipinduke, wataalamu wengi wanaona asili yake ni hukohuko Indonesia. Bagamoyo, Nungwi, Lamu, mvuvi anasukuma chombo asubuhi kwenda kutafuta kitoweo, amekalia historia ya safari ya maelfu ya kilomita na yeye mawazo yake yote yako kwa ngisi. Hata hiyo Krakatoa inayotajwa kitabuni, volkano ya Indonesia, ililipuka Agosti 1883 na mlio ukasikika kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 na ng'ambo ya bahari, huku kwetu upande wa magharibi. Hii bahari ni bwawa moja, mwalimu. Walipokosea ni kulipeleka bwawa mpaka Mexico, maana kitabu kinauzwa Marekani na adui inabidi awe jirani.

Anko, mume wangu hasomi kabisa, anaangalia muvi za ngumi tu. Nimjaribishie hiki? — Mama wawili, Mbeya

Mjaribishie, ila usimpe. Kiache tu sebuleni, uwe unakisoma unacheka mwenyewe. Kinachokitofautisha na wenzake ni kwamba hawa wanaopigana ni mke na mume, wanapendana, wanataniana huku wanarushiwa risasi, na mke hayupo pale wa kutekwa tu ili aokolewe, mara nyingi yeye ndo anayesoma fumbo wakati jamaa anahangaika na injini. Mapungufu yake pia nikuambie mapema: wabaya wanaongea sana kabla ya kupiga risasi, na hawa wawili kila wakikwama kuna mtu California anawapigia simu na jibu. Mumeo akizoea muvi hizo hata hatashtuka.

Anko, mimi na mshikaji wangu tunataka kuandika riwaya pamoja, kila mtu sura yake tunatumiana WhatsApp. Wazo letu ni kumfufua Willy Gamba, yule wa marehemu Musiba, tumpeleke Goma na Dubai. Mbona Wazungu wanarithishana mashujaa na sisi hatufanyi? Tatizo tumeshagombana sura ya nne, yeye anataka msichana afe, mi sitaki. — Vijana wawili, Kigoma

Aisee mmenikumbusha mbali. Kufa na Kupona ya 1974 niliisomea chini ya dawati, karatasi zimelegea zote, kuna ukurasa haukuwepo na mpaka leo sijui Willy alitokaje chumba kile. Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake na Nuru, hawa kwetu ndo walikuwa mfululizo, watu walikuwa wanaazimana kitabu kwa foleni. Waandishi wote wawili wameshatangulia mbele za haki na mashujaa wakabaki palepale walipoachwa.

Kwanini hatukurithishana? Nionavyo mimi, Cussler aliwaingiza wenzake akiwa hai. Aliwafundisha nyumba yake ilivyo, mashujaa wanaongeaje, nini hawawezi kufanya, miaka 20 kabla hajafa, na mchapishaji alikuwepo wa kulipa wote wawili. Musiba na Mtobwa waliandika peke yao, soko lilivyodorora na wachapishaji wakakimbilia vya shule hapakuwa na hela ya mtu mmoja, sembuse wawili.

Sasa nyie msianze kuuza kabla ya haya. Willy Gamba sio wa kuokota. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi mpaka miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, kwahiyo wenye sauti ni warithi, na bila ruhusa yao ya maandishi hata mkiandika vizuri kuliko yeye hamuwezi kutoa. Nendeni kwa adabu. Au mtungeni wa kwenu, mumpe Kigoma yenu na ziwa lenu, reli na MV Liemba zipo hapo zinasubiri mtu azifukuzie jambazi.

Na hiyo ya kila mtu sura yake ndo imewagombanisha, acheni. Kaeni siku mbili mpange hadithi yote mpaka mwisho, muandike nani anakufa na kwanini, alafu mmoja tu aandike, mwingine awe na kalamu nyekundu. Hela mgawane vipi iandikwe karatasini leo wakati bado mnacheka, na jina la nani litatangulia kwenye jalada pia. Kuhusu msichana, nimesoma sura ya nne mliyonitumia. Asife. Keshabeba funguo za boti na hakuna mwingine kwenye hadithi yenu anayejua kuendesha.